Vipande vya Jumatano

Juzi nilikuwa kwenye foleni ya aiskrimu na wanangu wawili, pale Maili Moja, kwenye duka jipya ambalo koni zinaokwa mbele ya wateja. Dada muuzaji anamimina uji mwembamba wa unga kwenye chuma cha moto, anafunika, anasubiri kidogo, kisha anafunua. Mvuke ulipopanda nilisahau nilichokuwa nasema. Haikuwa ile harufu ya sukari wala ya vanila. Ilikuwa ile iliyojificha chini yake, ya unga wa ngano ulioungua kidogo tu ukingoni.

"Mama, foleni inasogea," alisema mdogo wao.

Nikasogea. Lakini kichwani tayari nilikuwa na miaka tisa, nimesimama nje ya dirisha la chumba kidogo nyuma ya jiko la masista, mdomo umejaa, furaha imenijaa, sijui kwamba baada ya dakika kumi nitaamini nimewasaliti watu wote wa nyumbani kwetu.

Sisi ni Waislamu wa tangu na tangu, watu wa mashamba ya mihogo na minazi nje kidogo ya Mlandizi. Shule ya masista ilikuwa mwendo wa nusu saa kwa miguu kutoka kwetu, na ilipoanza kupokea watoto wa kutwa, Baba aliamua kwamba mimi, mtoto wake wa kwanza, nitasoma pale. Yeye mwenyewe alikuwa ameishia darasa la nne, na jambo hilo lilimkera maisha yake yote kama mwiba uliovunjikia unyayoni. Mama alikubali kwa kunyamaza. Aliyekataa ni Bibi, mama yake Baba, ambaye ndiye aliyekuwa na kauli ya mwisho katika nyumba yetu, kuanzia chumvi ya mchuzi hadi siku ya kupanda.

"Watamgeuza," alisema.

"Watamfundisha hesabu, Mama."

"Hesabu wataanza nayo. Mie nimezaliwa Msimbu, habari za misheni sikuzisikia kwako. Kaka yangu Salehe alikwenda kusoma misheni, akarudi anaitwa jina jingine. Mpaka leo sijui kaburi lake liko wapi."

Baba akasema, "Nakuahidi. Wakimgeuza, lawama ni yangu, na siku hiyohiyo namtoa shule."

Nilikuwa nyuma ya mlango, nachambua mchele na kusikiliza. Kutokana na mazungumzo yale nilijifunza mambo mawili, na yote mawili niliyaelewa vibaya. Kwanza, kwamba kugeuzwa ni kitu kinachompata mtu ghafla, kama surua. Pili, kwamba kikishakupata hakuna atakayetaka tena kujua kaburi lako liko wapi.

Nikaanza shule. Na ninaposema niliipenda sisemi hivyo kwa sababu ya umbali wa miaka. Niliipenda palepale. Nilipenda sakafu yenye dawa nyekundu ambayo tuliisugua kwa vifuu vya nazi hadi ukaona kivuli cha goti lako. Nilipenda meza ndogo iliyokaa mlangoni mwa darasa letu, la tatu, ambako kila kilichookotwa kiliwekwa: kalamu, kifutio, kipande cha chaki, hata kitufe cha shati. Vitu vilikaa pale wiki nzima na hakuna aliyevigusa. Sista Adelina, mwalimu wetu wa darasa, alikuwa akisema, "Kitu cha mtu kina mwenyewe, hata kama mwenyewe hayupo." Alikuwa mwanamke mfupi kutoka huko juu Songea, mwenye hatua za haraka, na akicheka sauti ilimtokea puani.

Wakristo walipokwenda misa ya Ijumaa asubuhi, sisi Waislamu, ambao tulikuwa wachache, tulibaki darasani na vitabu vya hadithi. Lakini saa sita mchana kengele ilipolia kwa ajili ya sala ya Malaika wa Bwana, shule nzima ilisimama pale ilipo, awe mtu bombani au uwanjani. Sisi tuliambiwa tusimame tu kwa heshima. Mimi nikiwa nimesimama niliona vibaya kukaa bure wakati wenzangu wanasali, kwa hiyo nilikuwa nasoma Alhamdu kimoyomoyo. Siku moja Sista Adelina aliniona midomo ikinicheza. Akaniita baada ya kengele.

"Mwajuma, ulikuwa unasema nini?"

Nikamwambia.

"Umeimaliza?"

"Hapana, Sista. Kengele imeniwahi."

"Basi siku nyingine usikatishe. Kaa umalize ndipo uende."

Tangu siku hiyo nilimpenda jinsi watoto wanavyompenda mtu mzima mmoja tu kwa wakati mmoja, bila kipimo na bila kumwambia.

Jumatano mchana Sista Adelina alioka hostia za parokia, ile mikate myembamba ya misa. Kile chumba cha nyuma ya jiko kilikuwa na mashine ya umeme yenye vyuma viwili vinavyofungana kama kitabu, na kila alipovifunua ilitoka karatasi nyeupe, nyembamba, ya kuvunjika kwa kutazamwa. Akishaiacha ilainike kidogo, aliikata kwa kikata duara, na yale maduara yakaingia kwenye kopo lenye mfuniko. Vilivyobaki, vile vipande vya pembeni vyenye matundu, vilikusanywa kwenye bakuli la bati. Sisi tuliviita vipande, basi. Darasa lililosugua ukumbi vizuri kuliko mengine ndilo lililogawiwa.

Sikuwahi kupata, kwa kuwa zamu ya darasa letu ya kusugua iliangukia Ijumaa, vipande vimeshakwisha. Lakini Jumatano moja Sista alinituma nimpelekee ndoo ya maji, na nilipofika aliniangalia nilivyoloa kuanzia kifuani hadi miguuni, akacheka puani, akachota kiganja cha vipande na kunipitishia dirishani kwenye kipande cha gazeti.

Nilivila palepale. Vilikuwa na joto bado. Viling'ang'ania kwenye kaakaa, vikayeyuka, na ndani ya mdomo haikubaki ladha yoyote niliyoweza kuipa jina. Hilo lenyewe likanifurahisha.

Rafiki yangu Edita alinikuta nabandua cha mwisho kwa ulimi. Edita alikuwa binti wa nesi wa hospitali, wazazi wake wametokea Bukoba, na mwaka ule alikuwa kwenye mafundisho ya komunyo ya kwanza. Kila Jumamosi alikaa saa mbili kwenye benchi akikariri majibu, na alikuwa amenieleza mara nyingi gauni lake litakavyokuwa.

"Unakula nini?"

"Vipande."

Macho yakamtoka. Alitazama lile gazeti, kisha akanitazama mdomoni kama vile angeweza kuvirudisha.

"Hiyo ndiyo hostia, Mwajuma. Ni mwili wa Yesu. Mimi mwenyewe bado sijala, nafundishwa mwaka mzima. Wewe umekula bila hata kufundishwa."

"Sasa itakuwaje?"

Alifikiri. Edita hakuwa mtoto wa uongo. Alitafuta jibu kwa dhati katika yote aliyofundishwa, na alilolipata akanipa kwa sauti ya chini, kwa huruma.

"Nadhani sasa na wewe ni Mkristo."

Sijui nilifikaje nyumbani siku ile. Nakumbuka tu kwamba nilipokaribia uani nilijificha nyuma ya mnazi nikajitazama mikono, pande zote mbili. Kisha nikaingia, nikasema shikamoo, Bibi akajibu marahaba mwanangu, kama kawaida, na kawaida ile ikaniuma kuliko kipigo. Alikuwa hajajua. Nilimwona ameketi mkekani anasuka ukili, na niliwaza: huyu ananiita mwanangu kwa sababu hajajua.

Wakati wa magharibi nilisema tumbo linaniuma ili nisisali naye. Sikuona haki kusimama nyuma yake na kitu kile kikiwa tumboni mwangu. Bibi alinitwangia majani, akanichanganyia dawa chungu, akanikandakanda tumbo kwa viganja vyake vigumu. Nikanywa dawa yote. Alhamisi tumbo likauma tena, Ijumaa likauma tena. Baba alianza kuzungumzia hospitali. Nilipomtazama nilikumbuka ahadi yake, kwamba lawama ni yake, nikahisi nimemvua nguo mbele za watu na yeye yuko pale anachonga mpini wa jembe, hana habari.

Jumamosi madrasa nilikaa nyuma kabisa, na zamu yangu ya kusoma ilipofika sikuthubutu kuugusa msahafu. Nikasema nimeusahau mstari. Ustadhi hakunikaripia. Akaendelea na somo, na katika somo lile akasema saumu hufuta madhambi ya mja kama maji yanavyoondoa taka kwenye nguo.

Hapo nikapata njia.

Jumatatu sikunywa chai ya asubuhi, nikaimwaga nyuma ya jiko. Shuleni saa nne uji wangu nilimpa Edita. Nilirudi nyumbani nikasubiri jua lizame ndipo nikala, na Bibi akafurahi kuona hamu yangu ya chakula imerudi. Jumanne nikafanya vilevile. Nilikuwa nimejipangia siku saba, kwa kuwa saba niliiona ni hesabu inayotosha dhambi ya ukubwa ule. Lakini Jumanne ile jua lilikuwa kali, na saa sita kengele ilipolia nilikuwa katikati ya uwanja. Nilisimama. Nilianza Alhamdu, kisha nikakumbuka kwamba pengine sina ruhusa tena ya kuisoma, nikanyamaza. Uwanja ukageuka rangi ya maziwa, na kitu cha mwisho nilichokiona ni viatu vyeusi vya Sista Adelina vikija mbio, katikati ya sala, wakati hakuna aliyeruhusiwa hata kukuna shavu.

Nilizinduka kwenye kitanda cha chumba cha wagonjwa. Sista alikuwa ameshika kikombe cha maji yenye sukari.

"Kunywa."

"Siwezi, Sista. Nimefunga."

"Ramadhani si ilishapita?"

Nikaanza kulia, na katika kulia nikamwaga yote: vipande, Edita, Bibi, kaka yake Bibi aliyebadilishwa jina, ahadi ya Baba, siku saba. Watu wazima wengi niliowahi kuwasimulia habari hii baadaye walicheka kabla sijafika mwisho. Sista Adelina hakucheka. Alikiweka kikombe chini na kuketi kando ya kitanda.

"Nisikilize. Ule ulikuwa unga wa ngano na maji. Hakuna padre aliyeusalia. Mpaka usaliwe kwenye misa, ni mkate tu. Na hata ungesaliwa, Mwajuma, mtu hageuki kwa kumeza. Mtu hugeuka kwa kutaka. Wewe ulitaka?"

"Hapana, Sista."

"Basi wewe ni yuleyule uliyekuja hapa mwezi wa kwanza."

Nilihisi kitu kizito kinaondoka juu ya kifua. Lakini yeye alikuwa bado ameinama.

"Kosa lipo," alisema, "ila ni langu. Nilimpa mtoto wa watu kitu chetu cha ibada bila kumweleza ni nini, na bila kuwauliza wazazi wake. Leo jioni nitakuja kwenu kumwambia bibi yako."

Nilishika mkono wake. Nilimsihi asije. Nilimwambia Bibi hajui lolote, tumbo sasa litapona, kila kitu kitakwisha chenyewe. Nilimwambia nitatolewa shule. Sikuwa nimewahi kumsihi mtu mzima hivyo, na niliona usoni mwake kwamba anaumia, kwa maana naye alijua huenda ikawa kweli.

"Huenda wakakutoa," alisema. "Sitaki wakutoe. Lakini tukimficha, tutakuwa tumemfanyia kosa la pili, na hilo la pili litakuwa la makusudi."

Kisha akaokota kikombe. "Saumu ni yako, siwezi kukuvunjia. Najua tu kwamba kwenu mgonjwa ana ruhusa. Amua mwenyewe."

Nikanywa.

Tulitembea naye jioni ile, yeye mbele na mimi nyuma, katikati ya mihogo. Watu walikuwa wakitoka mashambani, wakasimama kumtazama sista anakwenda kwa kina nani. Alipofika kwetu alivua viatu vyake vyeusi uani kabla ya kuambiwa, akaacha nje mkoba wake, akapiga hodi. Bibi alimwangalia kuanzia kitambaa cha kichwani hadi miguu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Karibu."

Mama alileta kiti. Sista akakiacha, akaketi mkekani mkabala na Bibi. Baba alisimama mlangoni, mimi nikajibana ukutani. Sista akasema yote, kwa maneno mepesi, bila kujipunguzia. Alipofika mahali pa mimi kuanguka uwanjani, Mama alinivuta mkono akanisogeza kwake. Bibi alikuwa bado anasuka. Vidole havikusimama hata mara moja.

"Hivyo vipande unavyo?" aliuliza mwishoni.

Sista akasema vimo mkobani, alivileta ili avione. Nikatumwa kuvichukua. Bibi alichukua kimoja, akakinusa, akakiangalia kwenye mwanga wa jua la jioni, na kabla Baba hajasema neno akakitia mdomoni. Akatafuna kwa muda mrefu.

"Hakina chumvi," alisema.

"Hakina, mama."

"Wala sukari."

"Wala sukari."

"Na hiki ndicho mnachowapa watoto wakifanya vizuri?"

Sista akainamisha kichwa, na nikasikia kile kicheko chake kikitoka puani, amekizuia kikamshinda. Bibi akamwambia Mama alete vile vitumbua vilivyobaki vya mchana, akamsogezea sahani. "Mtoto akifanya vizuri hupewa hiki. Kula."

Walikula. Hata Baba alikaa. Jua lilipoanza kushuka Sista aliaga, na Baba akamsindikiza hadi barabarani. Kabla hawajatoka, Bibi alimwambia mwanawe mbele ya Sista, "Mtoto ataendelea na shule. Anayetaka kukuibia mtoto haji mlango wa mbele akakwambia."

Nilidhani yamekwisha. Lakini tulipobaki wawili, Bibi aliuweka ukili chini. Hilo halikuwa jambo la kawaida.

"Siku sita umekaa na mzigo huo, na mie nipo hapa nakukanda tumbo. Kwa nini hukuniambia?"

Nikaanza kuchokonoa ukingo wa mkeka.

"Ulidhani nitakutupa?"

Nilitaka kusema hapana. Lakini nilikuwa nimetoka kusikia mtu mzima akisema ukweli uliokuwa mgumu kwake, na aibu ya kusema uongo palepale ilinishinda.

"Ndiyo, Bibi. Kama babu Salehe."

Alinitazama kama ambaye nimemwita kwa jina la utotoni. Uso wake, ambao niliujua kuliko uso wowote, ulifanya kitu ambacho sikuwahi kukiona.

"Salehe hakutuacha," alisema. "Baba yetu ndiye aliyemfukuza. Alirudi na jina lake jipya, amemletea mama kitenge, amefurahi. Akaambiwa aondoke na kitenge chake. Mie nilikuwa mkubwa kuliko wewe, nilisimama pale mlangoni, na sikusema neno."

Nikaelewa, kwa kadiri mtoto wa miaka tisa anavyoweza kuelewa, kwamba muda wote ule nilikuwa nimekosea. Nilidhani Bibi anawachukia waliomgeuza kaka yake. Kumbe alikuwa anamlilia kaka yake tu, na aliogopa misheni kwa sababu aliogopa kupotelewa na mwingine kwa njia ileile.

"Hata ungegeuka kweli," alisema, "ningelia, ningegombana na baba yako, ningegombana na wewe. Lakini ungekula hapa. Umenisikia? Ungekula hapa."

Kisha akaniamuru nilete birika. Alinimiminia maji mwenyewe nikatawadha, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu nilipokuwa mdogo kabisa, na tukasali magharibi, yeye mbele kidogo, mimi kulia kwake. Alisoma kwa sauti kubwa kuliko siku zote.

Nilimaliza darasa la saba palepale. Edita alipata komunyo yake, na gauni lilikuwa kama alivyoniahidi. Nilipomwambia ukweli kuhusu vipande alishukuru sana, kwa kuwa alikuwa ameungama kwa padre kwamba amemgeuza rafiki yake.

Nilipokuwa darasa la sita Sista Adelina alipata uhamisho. Nililisema nyumbani wakati wa chakula, na hakuna aliyelizungumzia sana. Lakini siku mbili baadaye, tulipokuwa tunafagia uwanja, nilimwona Bibi getini, amejifunga kanga mpya, kijasho kinamtoka. Hakuwa amewahi kufika shuleni kwetu hata siku moja. Aliambiwa aingie akakataa, akasema atasubiri hapohapo. Sista alitoka akikimbia, mikono bado ina unga.

"Nasikia unaondoka."

"Keshokutwa, mama."

"Unarudi kwenu?"

"Hapana. Ninakopelekwa sina mtu ninayemjua. Nitazoea."

Bibi alimshika mikono yote miwili, unga na yote, na wakakaa hivyo. Kama walisema jingine sikulisikia, kwa kuwa walisimama karibu sana. Kisha Bibi akageuka, nami nikapewa ruhusa ya kumsindikiza.

Tulitembea hadi tukavuka mto mdogo uliokuwa njiani. Pale alisimama kupumzika, akatazama viganja vyake vilivyokuwa vyeupe.

"Yule," alisema, "mama yake aliwezaje kumwachia aende mbali hivyo?"

Hakuwa ananiuliza mimi. Aliendelea kutembea, na hakuipangusa mikono yake hadi tukafika nyumbani.